Sikio la Safu ya Ishirini na Sita

Saa mbili na nusu asubuhi kinyozi alisimama mbele ya kaunta ya uwanja wa ndege, sanduku kati ya miguu, mfuko begani, mtoto mmoja kamshika mkono na mwingine kambeba kiunoni, akapewa habari ambayo mara ya kwanza hakuielewa.

"Wewe uko safu ya kumi na mbili," alisema karani bila kuyatoa macho kwenye kompyuta. "Binti yuko safu ya thelathini na moja. Na huyu bwana mwingine..." Alisogeza uso karibu na kioo. "Huyu bwana mwingine amepangiwa kwenye mlango wa dharura."

"Bwana gani?"

"Wa tiketi ya tatu. Imeandikwa mtu mzima."

Kinyozi alimpandisha mwanawe juu kidogo ili karani amwone. Punje alikuwa na miaka mitatu na nusu na kiatu kimoja. Cha pili kilikuwa mfukoni mwa baba yake, baada ya kuvuliwa mara nne tangu nyumbani. Walimwita Punje kwa sababu alizaliwa mdogo sana, na ingawa sasa alikuwa mzito wa kumtia mtu ganzi mkononi, jina lilikuwa limeshamganda.

Karani alimtazama mtoto, akaitazama kompyuta, akamtazama mtoto tena. "Anayekaa pale," alisema taratibu, "anatakiwa aweze kufungua mlango ndege ikipata matatizo."

"Huyu hata mlango wa choo unamshinda," alisema Dada.

Dada alikuwa na miaka saba. Alikuwa na jina lake zuri tu, lakini lilibaki shuleni. Nyumbani, tangu Punje aanze kutamka maneno, kila mtu alimwita Dada: baba yake, majirani, hata wateja wa kibanda cha kunyolea waliokuwa na umri wa babu yake.

Kisa cha viti hivyo kilianzia sebuleni kwao, miezi miwili nyuma. Mama wa watoto alikuwa muuguzi. Miaka miwili alikuwa akifanya kazi nchi ya mbali, na hatimaye alikuwa amepata ruhusa ya kuiita familia yake. Alisema atakata tiketi zote tatu. Shangazi, dada yake kinyozi, akasema haiwezekani. Mtoto wa kaka yake hawezi kuvuka bahari bila mkono wa shangazi yake, kwa hiyo tiketi ya Dada ni ya kwake. Mjomba, kaka yake mama, aliposikia hivyo hakupata usingizi. Upande wa baba umetoa, upande wa mama ukae umekunja mikono? Akaichukua ya Punje. Kila mmoja akakata kwa simu yake, siku yake, bila kumwambia mwenzake, kwa kuchelea kutanguliwa. Na mtandao ulipomkatalia mjomba kumkatia mtoto mdogo tiketi ya kusafiri peke yake, yeye aliuona huo kuwa ukaidi wa mashine. Mahali pa umri akabonyeza "mtu mzima", mambo yakaenda. Siku ya kuagana wote wawili walipigiwa makofi.

"Kwa hiyo mashine haijui kwamba sisi ni familia," alisema kinyozi.

"Mashine inaona wasafiri watatu wasiojuana." Karani hakuwa mtu mbaya. Alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena, akauma mdomo. "Umri wake nimeurekebisha, na nimewaandikia wahudumu wasimkalishe mlangoni. Lakini ndege imejaa pomoni. Mkishaingia, waombe wenzenu wabadilishane nanyi. Watu wana huruma."

"Na wasipokuwa nayo?"

Karani alimkabidhi pasi tatu za kupandia ndege. "Ni saa sita tu, kaka."

Mtu mwingine angesema saa sita ni kufumba na kufumbua. Kinyozi alizipima kwa sikio.

Punje hakuwahi kulala bila kushika sikio la mtu. Alianza wakati ananyonya, mkono mmoja kifuani mwa mama yake na mwingine sikioni, akilisugua sikio kwa kidole gumba na cha shahada kama mshonaji anayepima ubora wa kitambaa. Mama alipoondoka, Punje alilia siku tatu. Shangazi alijitolea sikio lake, lakini lilikuwa na hereni kubwa. Punje aliligusa akaurudisha mkono haraka kama aliyechomwa na mwiba. Siku ya nne aliligundua sikio la kulia la baba yake, na tangu hapo sikio lile halikuwa tena mali ya kinyozi. Wateja walimtania. "Fundi, moja limeshakuwa refu," walisema. "Hilo jingine utalivuta lini yalingane?"

Jumapili iliyopita mama alikuwa amepiga simu. Punje alimpungia mkono, akamwonyesha kijiko, akaondoka zake. Kwake yeye mama alikuwa mtu anayekaa ndani ya simu, kama wengine wanavyokaa ndani ya nyumba. Ilipobaki sauti ya mumewe peke yake, mama alisema, "Baba Dada, nikuombe kitu kimoja tu. Alale njiani. Akifika na usingizi atakuwa mkali kama pilipili. Mimi nitamfungulia mikono, yeye atanililia. Najua hanijui, sijidanganyi. Lakini akinililia pale mbele za watu, sijui kama miguu yangu itanibeba."

"Atalala," kinyozi alimwahidi. "Sikio si ninalo?"

Sasa sikio lilikuwa limepewa safu ya kumi na mbili.

*

Ndani ya ndege mhudumu mmoja, mwanamke mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea, alisoma zile pasi tatu akatikisa kichwa. Kisha akaingia kazini. Alimkuta kijana mmoja mrefu, magoti yamegusana na kidevu, kwenye kiti cha katikati cha safu ya ishirini na sita, akamwambia kuna nafasi ya kunyoosha miguu kwenye mlango wa dharura. Kijana alikwenda kama aliyepewa kiwanja bure. Kando yake, upande wa njia ya kupitia, alikaa msichana mwenye mto wa shingo, ambaye hakuwa na neno. "Mimi nikifunga macho popote ni kitandani," alisema, akachukua mto wake akaenda safu ya thelathini na moja.

Basi Punje akawekwa katikati, Dada akakaa kando ya njia. Kilibaki kiti cha dirishani.

Pale dirishani alikaa mzee mpana, mwenye kofia ya sufu iliyoshushwa hadi kufunika masikio, uso ameuelekeza nje.

"Shikamoo, babu," alisema Dada.

Mzee aliendelea kutazama magari ya mizigo. Dada akamgeukia baba yake. Hakuzoea shikamoo yake irudi mikono mitupu.

Kinyozi alikuwa na namna yake ya kuomba. Kwa miaka kumi na mmoja kazini hakuwahi kumwambia mteja "geuka". Aliamini kichwa cha mtu hakiamrishwi. Unaweka vidole viwili juu ya sikio, vyepesi kama inzi, unasubiri, na kichwa kinageuka chenyewe, mwenye kichwa akidhani ni wazo lake. Kwa hiyo aliinama, akamgusa mzee begani kwa vidole viwili, akasubiri mpaka mzee alipogeuka.

"Samahani kwa usumbufu, mzee wangu. Hawa ni wanangu. Mimi wamenitupa safu ya kumi na mbili. Kiti chenyewe si kibaya, kiko mbele, tukitua unatoka mapema. Nilikuwa naomba uniachie hapa, nikae na huyu mdogo."

Mzee alikuwa akiitazama midomo yake. "Kiti chako ni cha dirishani?"

"Cha katikati."

"Basi hapana. Hiki nilikichagua mwenyewe, wiki tatu zilizopita."

"Nakuelewa, mzee. Ila mtoto halali bila..."

"Siwezi, kijana."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayefunga mlango polepole ili usipige kelele, lakini ukafungwa. Akarudisha uso dirishani.

Kinyozi alibaki amesimama pale njiani. Angeweza kumpeleka Dada mbele, yeye akae na Punje. Lakini Dada hajawahi kupanda hata lifti. Amtupe peke yake katikati ya watu wawili asiowajua, ndege ikinguruma, yeye ameshika mkanda? Angekuwa amemfunika mtoto mmoja kwa shuka aliyomvua mwingine.

Dada alikuwa akiusoma uso wake. "Nenda tu, Baba," alisema. "Mimi ninayo masikio mawili."

"Masikio yako bado mabichi."

"Yameshapona."

Hayakuwa yamepona. Siku nane kabla ya safari shangazi alimpeleka kutobolewa, ili mama yake akimwona aseme binti amekua. Kila tundu lilikuwa na hereni ndogo kama kichwa cha pini, na ngozi kuizunguka imevimba, inang'aa. Asubuhi ile Dada alivaa gauni kwa kuingia kutokea chini, ili lisipite masikioni.

"Baba, tafadhali," alisema mhudumu, "tunafunga milango. Rudi kwenye kiti chako. Tukishapaa tutaona."

*

Safu ya kumi na mbili, kushoto kwake mtu alifungua gazeti, kulia mama mmoja alikuwa ameshaanza kukoroma. Mbele ya kinyozi kulikuwa na visogo vingi: vilivyonyolewa vizuri, vilivyonyolewa kwa haraka, kimoja kilichonyolewa na mke nyumbani. Maisha yake yote yalikuwa visogo, lakini leo watu aliowataka walikuwa nyuma.

Ndege iliinua pua, na Punje akalia.

Kilio kile kinyozi angekitambua katikati ya soko. Alifungua mkanda, akanyanyuka nusu. Mhudumu, naye amefungwa kwenye kiti chake kule mbele, akamwonyesha kiganja: kaa. Taa ya mkanda ilikuwa inawaka. Alikaa. Watoto wa watu wangapi ameshawatuliza kwenye kile kiti chake cha kuzunguka, kwa mluzi, kwa kioo, kwa tone la povu puani? Mama zao husema fundi ana mkono mwepesi. Na leo analia wa kwake, hamfikii. Kinyozi hajinyoi: neno hilo wateja walikuwa wakimtupia kila alipochelewa kukata nywele zake mwenyewe, naye alikuwa akilicheka.

Kilio kilishuka. Sasa ameshika la Dada, aliwaza, na mwili ukamsisimka kwa uchungu wa sikio lisilo lake. Halafu kilio kikapanda tena ghafla, kikali kuliko mwanzo. Halafu kikakatika.

Hapo ndipo alipoogopa hasa. Kilio cha Punje hakikuwa na tabia ya kukatika. Kilikuwa kikiisha kama maji ya bomba bovu, tone baada ya tone, na tone la mwisho likija wakati umeshasahau. Kinyozi aliikodolea macho ile taa. Jirani yake alifungua ukurasa wa michezo, akausoma wote, akaanza wa matangazo ya vifo. Taa ikazimika. Kinyozi alikuwa ameshafika safu ya ishirini kabla mwenye gazeti hajavuta miguu.

Punje alikuwa amelala.

Alikuwa amelala upande wa dirisha, mdomo wazi, na mkono wake umepanda juu ya bega la mzee mpaka sikioni. Mzee alikuwa amevua kofia. Amekaa amepinda kama mti ulioegemea ukuta, shingo ameilaza ili sikio limfikie mwenye haja nalo, na hatingishiki. Dada alikuwa ameshika kipande cha karatasi laini chenye doa dogo jekundu, macho yamevimba, lakini hakuwa analia.

"Mzee wangu," alinong'ona kinyozi. Mzee hakugeuka.

Dada aliweka kidole mdomoni. "Hasikii, Baba. Sikio lake la kusikilizia liko mfukoni."

Mzee aliona midomo ya Dada ikicheza, akatazama juu, akamwona kinyozi. Akanyoosha kidole polepole kwenye mfuko wa shati lake. Ndani yake, kando ya kalamu, kilikuwemo kidude cha rangi ya ngozi, si kikubwa kuliko mbegu ya boga, chenye kimrija cheupe.

"Punje alishika langu," Dada alieleza kwa sauti ya chini kabisa. "Nikavumilia. Sikulia, machozi tu ndiyo yalitoka. Babu akaniona, akauliza nina nini, nikamwonyesha. Akavua kofia, akasema hebu ajaribu hili. Punje akalishika, likapiga filimbi."

"Sikio likapiga filimbi?"

"Kile kidude. Ukikigusa kinapiga filimbi. Punje akaogopa, akaanza tena. Ndipo babu akakivua. Na lile sikio jingine, la dirishani, lilikufa zamani. Kwa hiyo sasa hasikii chochote. Hata ndege haisikii."

Kinyozi alichutama njiani. Mzee alikuwa amechomoa mfuko wa karatasi, ule wa kutapikia, kutoka kwenye kiti cha mbele, na sasa akauandika kwa mkono wa kushoto, juu ya goti, herufi zikipanda na kushuka.

*Nikisema nitapiga kelele. Bila kifaa siijui sauti yangu. Usimwamshe.*

Kinyozi aliomba kalamu kwa ishara. *Ahsante sana, mzee. Sina la kukulipa.*

Mzee alisoma, akaandika, safari hii kwa muda mrefu zaidi. *Nilikunyima kiti kwa ajili ya hili sikio. Nikikaa katikati, wa kushoto hunisemesha nami simsikii. Hunidhania nina kiburi. Niliona haya kukueleza.*

Kinyozi alisoma mara mbili. Alikumbuka ile shikamoo iliyopotea, na alivyosema moyoni, huku akirudi safu ya kumi na mbili, kwamba dunia ina watu. Angeweza kuandika kwamba si kitu. Badala yake aliandika: *Nami nilikudhania hivyo hivyo. Nisamehe.*

Mzee aliinua nyusi, akatabasamu upande mmoja wa uso, ule usiomgusa Punje. *Binti anasema aliniamkia. Mwambie: marahaba.*

Dada aliuchukua ule mfuko akausoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Aliporudisha, alikuwa ameketi wima zaidi.

Ndipo macho ya kinyozi yakafanya yaliyozoea kufanya. Nyuma ya sikio la mzee, pale kifaa kinapokaa, kulikuwa na ukanda wa nywele ndefu, kama majani yaliyoachwa na mkulima kando ya shimo la nyoka. *Kinyozi wako anakiogopa kifaa chako*, aliandika.

Tumbo la mzee lilianza kutikisika. Alicheka kadiri alivyoweza kuanzia mabegani kwenda chini, shingo ikibaki palepale. *Wote wanakiogopa*, aliandika, na mstari ukayumba.

*Mimi siogopi. Nikipata pa kusimamisha kiti huko twendako, wewe utakuwa wa kwanza.*

Mzee aliandika namba ya simu chini yake, kisha akaongeza: *Ujumbe tu. Usipige.*

"Baba, naleta chakula, na wewe umeziba njia," alisema mhudumu nyuma ya toroli. Kisha akaona mkono wa Punje ulipo, akalivuta toroli nyuma kidogo.

Upande wa pili wa njia, mwanamume mmoja mwenye fulana ya mazoezi alikuwa akiyatazama yote hayo tangu mwanzo. Alifungua mkanda wake akasimama. "Kaa hapa, bwana. Safu ya kumi na mbili ulisema?"

"Katikati," alisema kinyozi, maana aliona ni haki mtu ajue. "Na mama wa kulia anakoroma."

"Nimeoa," alisema yule mtu. "Nimezoea."

*

Punje alilala saa tatu na robo. Sahani ya mzee ilikuja ikarudi bila kufunuliwa; Dada alimwekea mkate ndani ya karatasi laini. Mara mbili kinyozi aliashiria kwamba amchukue mtoto, na mara mbili mzee alikataa kwa jicho. Kwa hiyo kinyozi alishughulika na Dada. Aliomba maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, akalowesha ncha ya leso, akasafisha lile tundu polepole kwa mkono ambao umeshapita nyuma ya masikio elfu bila kumchubua mtu.

"Ungesema linauma."

"Ningesema, ungebaki umesimama, wangekushusha." Dada alifikiri kidogo. "Baba, kama mjomba angekata tiketi vizuri, babu tungempata wapi?"

Ndege ilipoanza kushuka, Punje alifumbua macho. Alilitazama lile sikio alilolishika, akafuata shavu kwa macho mpaka akafika kwenye uso, na uso haukuwa wa baba yake. Kinyozi alishika mkanda wake, tayari kuufungua.

"Wewe nani?" aliuliza Punje.

Mzee aliisoma ile midomo midogo. "Babu," alisema, kwa sauti iliyofika safu ya ishirini.

Punje alilipima jambo hilo. "Haya," alisema, akaliachia sikio, akaomba maji.

Mzee alitoa kidude mfukoni akakirudisha mahali pake. Kikapiga filimbi, na safari hii Punje alicheka akataka kipige tena. Mzee alijaribu kuinyoosha shingo, ikakataa. Alishuka ngazi za ndege akiwa bado ametazama upande, kama anayesikiliza kitu begani mwake. "Usisahau nywele zangu," alimwambia kinyozi, na Dada alipomwambia "Kwaheri, babu," safari hii alikuwa upande wa sikio lililo hai.

*

Mama alisimama nyuma ya kizuizi, mbele ya watu wote. Alivaa gauni la kijani walilomwona nalo kwenye simu, na hereni ndefu zilizometameta kila alipogeuza kichwa. Alikuwa amejipamba kama mtu anayekwenda kuposwa upya. Alipowaona alifungua mikono. Dada alichomoka mbio. Punje akaenda nyuma ya mguu wa baba yake, akashika suruali.

Mama aliona. Mikono yake ikabaki hewani kidogo, kisha ikamshukia Dada mabegani.

"Ni Mama," alisema kinyozi. "Yule wa kwenye simu. Nenda."

Punje hakwenda. Kinyozi alisikia kiganja chake kikitua kisogoni mwa mtoto, na ndani ya kiganja kile kulikuwa na miaka miwili, na ahadi, na saa sita, vyote vinataka kusukuma. Aliutambua uzito wake. Akakipunguza mpaka vikabaki vidole viwili, akasubiri.

Dada, huku amekumbatiwa, alikuwa akimnong'oneza mama yake. "Mama, vua hereni."

"Nini, mwanangu?"

"Vua. Ya upande huu. Anaogopa miiba."

Mama hakuuliza tena. Vidole vyake vilihangaika na kile kindoano. Hereni ikafunguka, ikamponyoka, ikaanguka. Hakuiokota. Alipiga magoti palepale sakafuni, kati ya matoroli, watu wakimpita huku na huku, akalaza kichwa begani kama alivyofanya mzee kwenye safu ya ishirini na sita, ingawa hakuna aliyekuwa amemsimulia bado. Sikio lake likabaki wazi.

Punje aliliona. Alitoa uso mzima nyuma ya mguu. Alikwenda hatua tatu, kiatu kimoja kikilia na mguu wa pili ukinyamaza, akasimama, akamtazama baba yake. Punje akanyoosha mkono, kidole gumba na cha shahada, akalishika sikio, akalisugua taratibu, chini, juu, chini tena, uso umekunjamana kama wa mtu aliyesikia wimbo wa zamani, hakumbuki aliusikia nyumba ipi.

"La baridi," alisema.

"Ndiyo," alisema mama. "Nimesubiri nje kwa muda mrefu."

Punje hakuliachia. Kinyozi aliinama, akaokota hereni iliyokuwa imeviringika mpaka karibu na sanduku, akaifuta kwa kidole, akaitia mfukoni pamoja na kile kiatu kingine.